Namna ya kuacha mazoezi bila kuharibikiwa

Siku walipolikata hogo, ile plasta ngumu ya kufungia mvunjiko, niliutazama mguu wangu nikadhani wameniletea wa mtu mwingine. Wiki sita tu. Kigimbi kilichokuwa kinajaza soksi ya mpira kilikuwa kimesinyaa, ngozi ina rangi ya majivu, na paja ukilibonyeza linabonyea kama andazi la jana. Mwenzangu aliyenisindikiza hospitali akasikitika kweli: "Mwalimu, misuli yote imegeuka mafuta."

Haikugeuka. Ila sikumbishia siku ile, nilikuwa nahangaika na magongo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 45, na kwa miaka tisa nimekuwa nikinyanyua vyuma jioni uani kwa jamaa yangu Ngamiani, vile vya makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Jumamosi ni mpira wa maveterani. Huko ndiko nilikovunjika kifundo cha mguu, dakika ya kumi, bila kuguswa na mtu. Kwa kuwa kila kitu nakiandika kwenye kaunta buku, namba za kabla nilikuwa nazo, na nikaendelea kuandika nikiwa nimekaa.

Ninachoeleza hapa ni namna ya kuacha mazoezi. Ndiyo, kuacha. Wa kutufundisha kuanza wamejaa, ilhali kuacha ndiko kunakotukuta sote: malaria, msiba, mitihani ya kusahihisha, safari, Ramadhani, mtoto mchanga ndani ya nyumba, mguu kuvunjika. Basi tuache kwa akili.

Azima tepu ya fundi cherehani

Mizani iweke kando kwanza. Wiki moja kabla ya kuumia nilipima kwenye mizani ya duka la dawa: kilo 79. Hogo lilipotoka: kilo 79 na nusu. Mwanafunzi wangu angeandika "hakuna badiliko" na mimi ningempa vema. Tepu ikasema mengine kabisa. Paja la kulia lilikuwa limeshuka kutoka sentimita 57 hadi 52, kiuno kimepanda kutoka 88 hadi 93. Tano zimetoka huku, tano zimeingia kule, na mizani kimya, maana yenyewe inajua kujumlisha tu. Kilo ya misuli ikiondoka na kilo ya mafuta ikaingia, jibu lake ni sifuri.

Kwa hiyo siku unayojua unasimama, au siku ya kwanza utakayokumbuka, tafuta tepu. Paja: simama, uzito uuweke kwenye mguu mwingine, panda sentimita 15 juu ya pia ya goti, zungusha tepu bila kuikaza. Kiuno: usawa wa kitovu, pumzi ukishaitoa, asubuhi kabla ya chai. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekutazama. Andika tarehe. Rudia kila baada ya wiki mbili. Ukipima kila siku utapima chumvi ya mchuzi wa jana.

Kilichotoka, na kilichoingia

Nenda buchani ukaangalie paja la ng'ombe kwenye ndoano. Nyama nyekundu na mafuta meupe vimelala pamoja, lakini hujaona nyekundu ikigeuka nyeupe. Mwili wako vivyo hivyo. Seli za misuli ni nyingine, za mafuta ni nyingine, na hakuna mlango wa kutoka hizi kwenda zile. Msuli usiotumika hujengwa kidogo kuliko unavyobomolewa, nyuzi zake zinakuwa nyembamba. Mafuta yana mambo yake: chakula kimezidi matumizi, kimewekwa akiba. Mambo mawili yanatokea kwa wakati mmoja, kwenye mwili mmoja, ndiyo maana watu wanayaunganisha kuwa moja.

Faida ya kuyatenganisha ni kwamba hili la pili unaweza kulizuia hata kama la kwanza limekushinda. Tazama hesabu yangu. Mazoezi mara nne kwa wiki, makadirio ya kalori 350 kila mara, hiyo ni 1,400. Baiskeli ya kwenda na kurudi shule siku tano, tuseme 150 kwa siku, ni 750. Jumla 2,150 kwa wiki ambazo sikuzitumia tena. Mara wiki sita: 12,900. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba kalori 7,700 hivi. Gawanya. Karibu kilo moja na gramu 700 za kitambi, na hapo sijaongeza tonge hata moja. Nimekula sahani ileile niliyokuwa nikila nikiwa mzima. Ongeza sasa wageni. Mtu aliyevunjika mguu haji kuonwa mikono mitupu.

Kuna jambo jingine watu hulisema kwa uhakika sana: kwamba misuli ikipungua, mwili unaacha kuchoma mafuta, ndipo unanenepa hata ukila hewa. Lipige hesabu pia. Kilo ya msuli iliyopumzika hutumia kalori kama 13 kwa siku. Ukipoteza kilo mbili nzima, na hizo ni nyingi, ni kalori 26. Hicho ni kijiko kimoja na nusu cha sukari kwenye chai. Hatukunenepa kwa kijiko na nusu, jamani. Tumenenepa kwa sababu miguu imesimama na mkono wa kulia bado unaenda kazini.

Vinaondoka kwa zamu

Haviondoki vyote siku moja, na kujua zamu kunakuondolea hofu ya bure.

Ya kwanza ni pumzi. Ndani ya wiki mbili za mwanzo maji ya damu hupungua, moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, na ngazi za jengo la shule zinakuwa mlima. Kwa wanamichezo waliozoea sana, uwezo wa mwili kutumia oksijeni umeonekana kushuka kama asilimia 7 katika wiki mbili tatu, na karibu asilimia 16 ikifika wiki ya nane. Hiyo ni kwa mtu anayetembea na kwenda kazini. Kulala kitandani ni habari nyingine. Mwaka 1966 kule Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka ishirini walilazwa kitandani wiki tatu kwa makusudi. Miaka 30 baadaye walewale watano wakapimwa tena wakiwa watu wazima wenye vitambi vyao. Ikaonekana zile wiki tatu za kitanda zilikuwa zimewashusha uwezo kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Hiyo habari naikumbuka kila ninapoona mgonjwa anaambiwa na ndugu zake "wewe lala tu, usijisumbue".

Zamu ya pili inatisha kwa macho lakini ni kiini macho. Siku ya nane au ya kumi unajiangalia kwenye kioo, mabega yamenyauka, mkono haujazi tena shati. Hicho hasa si msuli. Misuli huhifadhi wanga kwa matumizi yake, na kila gramu ya wanga huo hushika gramu kama tatu za maji. Usipoitumia, akiba hupungua, maji nayo yanaondoka. Siku tatu nne za mazoezi na ugali, vinarudi. Vijana wengi wa uani kwetu hukata tamaa hapahapa, wiki ya pili, wakidhani jengo limeanguka, kumbe ni rangi tu imebanduka.

Nguvu inachelewa kuondoka. Ukiacha vyuma lakini unaendelea na maisha, wiki tatu hata nne unaweza kurudi ukanyanyua karibu uzito uleule. Baada ya hapo inashuka, polepole. Mguu uliofungwa ndio hauna huruma: kwa vijana wenye afya, wiki mbili tu za kufungwa mguu zimeonekana kupunguza nguvu ya paja kwa karibu robo. Mimi nilifungwa sita.

Marehemu baba alipenda ngumi, na kila tukizungumzia mtu aliyekaa nje muda mrefu alimtaja Muhammad Ali. Alinyang'anywa leseni mwaka 1967 kwa kukataa kwenda jeshini, akarudi ulingoni Oktoba 1970. Kwa baba, Ali wa kabla alikuwa akicheza kwa miguu, na Ali wa baada ilibidi acheze kwa kichwa. Ndiyo maana Kinshasa mwaka 1974 aliegemea kamba akamwacha mpinzani wake, George Foreman, achoke mwenyewe. Sijui kama makocha wa ngumi wangekubaliana naye moja kwa moja, ila kwa mtu wa miaka 45 anayerudi uwanjani ni ushauri mzuri.

Halafu kuna kisichoondoka. Nyuzi za msuli zikikuzwa kwa mazoezi huongeza viini vya seli, na watafiti wa Oslo walionyesha mwaka 2010, kwa panya, kwamba msuli ukinywea viini vile vinabaki. Nyumba imepungua, mafundi wamebaki ndani. Kwa binadamu, Chuo Kikuu cha Jyväskylä huko Finland kilitoa mwaka 2024 matokeo ya watu walionyanyua vyuma wiki 10, wakapumzika wiki 10 kamili, kisha wakanyanyua 10 nyingine. Mwishoni walikuwa sawa na wenzao waliofanya wiki 20 mfululizo, na walichopoteza walikirudisha ndani ya wiki tano hivi. Nilipolisoma hilo nikiwa na mguu juu ya mto, nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu niumie.

Wakati umesimama, fanya haya

Kama huumwi, bali huna muda tu, usiache kabisa. Fanya mara moja kwa wiki. Najua inasikika kama kujidanganya. Birmingham, Alabama, walichukua watu wakawafundisha vyuma wiki 16, kisha wakawapunguzia baadhi yao hadi sehemu moja ya tisa ya kazi: siku moja kwa wiki, seti moja (duru moja ya kurudia bila kupumzika) kwa kila zoezi. Vijana walidumu na walichojenga kwa wiki 32. Waliozidi miaka 60 walitunza nguvu, ila ukubwa wa misuli ulihitaji zaidi ya hapo. Sharti lake moja: uzito usipunguze. Punguza siku, punguza seti, chuma kibaki kizito kama kawaida. Wengi hufanya kinyume, wanabeba vyepesi kila siku huku wanaongea na simu.

Mwezi wa Ramadhani uani kwetu tunafanya Jumanne na Ijumaa baada ya tarawehe, nusu saa, maji yakiwa karibu. Inatosha. Anayetaka kuongeza misuli katika mwezi ule ana haraka ya bure.

Sahani sasa. Punguza wanga na mafuta ya kupikia, usiguse kitoweo. Nilichelewa kulijua hilo hadi wiki ya nne. Nilipojua niliondoa vitu vitatu tu: chapati ya pili asubuhi, soda, na andazi la saa nne la chumba cha walimu. Kiuno kikasimama palepale. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120, na mpishi wetu wa nyumbani, ambaye simtaji kwa kuwa naishi naye, humimina bila kijiko. Tulizungumza. Mazungumzo yalikuwa marefu.

Kitoweo kibaki, kiongezeke ikiwezekana, kwa sababu msuli uliosimama bado unahitaji protini ili usibomoke haraka. Anayejenga misuli huambiwa gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Aliyesimama alenge karibu na hapo. Kwa hesabu ya nyumbani: yai ni gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kinapita 20. Dagaa wakavu wanashinda wote kwa bei. Igawe kutwa nzima, usiisubirishe hadi usiku. Mwenye matatizo ya figo aulize kwanza kwa daktari wake.

Kama umefungwa hogo

Mkufunzi wa viungo hospitalini alinifundisha mambo mawili ambayo nimeyafundisha watu wengine wanne tangu hapo. La kwanza: kukaza paja. Kaa umenyoosha mguu, kaza msuli wa paja kama unataka kulibana goti chini kitandani, hesabu hadi tano, achia. Mara kumi, mara kadhaa kwa siku. Hakuna kinachosogea, lakini msuli umefanya kazi. Muulize kwanza aliyekufunga hogo. Kuna mivunjiko isiyotaka hata hilo.

La pili nililikataa mwanzoni kwa sababu lilikuwa kinyume cha akili yangu: fanyia mazoezi mguu ule usioumia. Ubongo na mishipa ya fahamu haifanyi kazi upande mmoja peke yake. Nguvu ya mguu unaofanya kazi hulinda kwa kiasi nguvu ya ule uliofungwa. Nilikuwa nakaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, magongo pembeni, nasimama kwa mguu mmoja wa kushoto na kukaa tena, mara nane. Juu ya kiuno nilitumia madumu ya maji ya lita tano. Dumu likijaa lina kilo tano, huna haja ya duka la vifaa. Paja la kushoto lilipoteza sentimita moja tu.

Ukiwa na hogo halafu kigimbi kikaanza kuuma na kuvimba isivyo kawaida, au pumzi ikabana ghafla, usisubiri asubuhi wala usikandwe. Inaweza kuwa damu iliyoganda. Nenda hospitali.

Na kama mgonjwa ni mzee, haraka yake ni kubwa zaidi. Mwaka 2007 kuna utafiti wa Marekani ulioonyesha wazee wenye afya wakilala kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo moja ya misuli kutoka miguuni. Siku kumi! Na baada ya umri wa miaka 30 sote tunapoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila muongo hata bila kuumwa. Mama yangu ana miaka 71. Alipokuja kukaa kwetu akitokea Muheza, tulimketisha kwa heshima, kila kitu analetewa. Baada ya miezi miwili hawezi kunyanyuka kwenye kochi bila kushikwa mkono. Hatukumpeleka popote, tulimrudishia kazi zake. Anasimama na kukaa mara kumi kabla ya kila mlo, anafuata maji mwenyewe, na kuku ni wake. Sasa ananyanyuka, na anatugombeza akiwa amesimama.

Kurudi

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa sababu kichwa kinakumbuka uzito wa zamani na kano hazikumbuki. Misuli hurudi haraka. Kano na viungo vinakokota miguu nyuma.

Wiki ya kwanza: nusu ya uzito, nusu ya seti, siku mbili. Utajisikia mjinga. Vumilia. Wiki ya pili ongeza seti, ya tatu anza kuongeza uzito kidogo kidogo, na kila ukiamka asubuhi na maumivu ya kiungo, siyo ya msuli, rudi hatua moja. Mbio: kimbia dakika moja, tembea mbili, mara nane, kisha nenda nyumbani hata kama bado unatamani. Aliyetoka kwenye malaria asianze hata hilo mpaka homa imekwisha, dawa zimekamilika, na amekula vizuri siku kadhaa.

Kijana mmoja wa uani kwetu alikaa miezi mitano bila kufanya kitu, akarudi siku moja kwa kuwekeana dau la kuchuchumaa mara mia tatu. Alishinda dau. Siku ya pili mapaja yamevimba na mkojo una rangi ya soda nyeusi. Hiyo ni misuli iliyopasuka na kumwaga vitu vyake kwenye damu, na inaweza kuua figo. Alilazwa siku nne kwa maji ya mshipa. Ukiona rangi hiyo usinywe dawa za maumivu ukalala. Panda bodaboda uende hospitali.

Mimi nipo wiki ya kumi na moja tangu hogo litoke. Paja la kulia lina sentimita 56, kiuno 90, mizani ya duka la dawa bado inasema 79 na sibishani nayo tena. Jumamosi wenzangu wameniweka golini, na kapteni ameshika daftari langu: hadi paja lifike 57, mstari wa kumi na nane nisiuvuke.